Waya Mweusi: Kazi ya Dakika Kumi

Tulimwacha Sikio amepiga magoti kwenye sakafu ya karakana yake, bisibisi mkononi, kifuniko cha chenso kimeshafunguka, na jasho linamtiririka ingawa jua lilikuwa bado halijalipata bati. Wiki nzima mmekuwa mkiniuliza aliona nini humo ndani. Haya, nawaambia. Aliona kitu ambacho hakikuwemo.

Springi ya breki.

Wewe ambaye hujawahi kushika chenso, ule msumeno wa petroli unaoangusha mti mzima wakati wewe bado unatafuta mahali pa kusimama, nisikilize kidogo. Mbele ya mkono wa mkataji kuna ngao ndogo ya plastiki. Msumeno ukigonga kifundo cha mti ukaruka kurudi usoni, ngao ile inaguswa na mkono, springi inafyatuka, na mnyororo unasimama papo hapo. Bila springi, ngao ile ni pambo. Mnyororo hausimami. Unaendelea mpaka ukutane na kitu.

Mnyororo wa chenso hii ulikutana na shingo ya shemeji yake Sikio, mwezi mmoja uliopita, saa nne asubuhi.

"Kaka," dada yake akasema kutoka kwenye benchi alilokuwa amekalia. "Mbona umenyamaza? Umeona nini?"

"Vumbi," Sikio akajibu.

Uongo ulimtoka upesi hata mwenyewe akashangaa. Akainamia mashine zaidi, maana hakutaka macho yake yaonekane. Hapo ndipo alipoona na kile cha pili. Chini ya mpini kilikuwa kimebaki kipande cha waya mweusi, kifupi kama ukucha, pale koleo ilipokatia.

Waya ule aliufunga yeye.

Turudi nyuma kidogo, kwa faida ya waliochelewa kuingia. Sikio hununua chenso zilizokufa, huzifufua, kisha huziuza. Jina hilo alipewa na wakataji miti wenyewe, kwa sababu mashine ikishapita mikononi mwake ataitambua kwa mlio hata akiwa amegeuka ukuta. Yeye hukaa nyuma na vyuma. Mbele, kwenye rafu na wateja, yupo mkewe, ambaye kila mtu humwita Mama Chenso. Dada yake Sikio, mjane wa mwezi mmoja, alikuwa hajakanyaga pale mwaka mzima, tangu aliposhikana maneno na wifi yake kwa ajili ya cherehani ya marehemu mama yao. Asubuhi hii alikuja na gunia. Ndani ya gunia mlikuwa na ile chenso iliyomuua mumewe. Alitaka iondoke nyumbani kwake, basi.

Mumewe aliinunua kwa mchuuzi wa kupita. Dada hakujua ilitoka wapi kabla ya hapo. Na Sikio, mpaka dakika ile alipoondoa kifuniko, hakujua.

Sasa kuhusu ule waya. Kila karakana ina mtindo wake, na mtindo wa Sikio ulikuwa huu: mashine ikiazimwa kifaa ili kuiponya nyingine, inafungwa waya mwekundu kwenye mpini. Waya mwekundu maana yake hii ina deni la kifaa, haiuzwi, haijaribiwi, haiguswi. Mama Chenso alilijua hilo kama anavyolijua jina lake.

Miezi minne nyuma palikuwa na chenso mbili za aina moja, rangi moja, hata mikwaruzo nusura ifanane. Sikio aliziita Pacha. Wakaja watu wa msitu na mashine zao mbili zenye breki mbovu, wana haraka, gari linawasubiri nje. Sikio akachomoa springi za Pacha wote wawili akawatengenezea. Akageuka kutafuta waya mwekundu. Ulikuwa umekwisha. Akachukua mweusi.

"Si nitakumbuka," alijiambia.

Siku ya pili akasafiri kwenda kununua mashine chakavu. Aliporudi, Pacha mmoja hakuwepo kwenye rafu. Mkewe alikuwa amemuuza kwa mchuuzi wa kupita, tena kwa furaha. Angejuaje? Mweusi si mwekundu.

Na hapa ndipo ninapomkasirikia huyu mtu wangu, ingawa nimekaa naye majuma kumi na nampenda. Alijua siku ile ile. Alisimama mbele ya rafu akaiona nafasi tupu, akajua. Angemwambia mkewe, angemtafuta mchuuzi, angepiga simu mbili tatu. Alichofanya ni kumtupa Pacha wa pili chini ya meza huko nyuma na kujiambia kuwa mteja akiona breki imelegea ataileta mwenyewe.

Mteja hakuileta. Leo imeletwa na mjane.

Sikio alirudisha kifuniko, akakaza skrubu ya kwanza. Bisibisi ikateleza mara mbili.

"Ni nzima?" dada akauliza.

"Nzima."

Kabla hajakaza ya pili, mlango ukazibwa na mtu. Alikuwa mpasua mbao mmoja ambaye watu humwita Futi Sita, ingawa mwenyewe ukimpima na viatu vyake hafiki tano.

"Mama Chenso kanielekeza huku nyuma," akasema. "Nimemwambia rafuni sioni ya kwangu. Kumbe ya kwangu iko hapa chini imepigiwa magoti."

"Hiyo bado," Sikio akasema.

"Bado nini? Mwili safi, baa ya mnyororo imenyooka. Nipe niisikie sauti."

Wateja wa chenso wako hivyo. Hawaulizi breki. Wanataka kusikia sauti tu, na ikiwaka mvuto wa kwanza basi wameoa. Futi Sita hakungoja ruhusa. Aliivuta ile mashine kwake, akaikanyaga mpini, akavuta kamba.

Ikawaka mvuto wa kwanza.

Karakana nzima ikajaa ule mlio. Futi Sita akacheka kwa raha. Sikio alimtazama dada yake, akatamani asingemtazama. Alikuwa ameshikilia ukingo wa benchi kwa mikono miwili na midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti. Kwa karibu miezi mitatu mlio ule ndio uliokuwa ukimwamsha. Mumewe alikuwa na mazoea ya kuiwasha uani kila asubuhi kabla hajaondoka, kuhakikisha, halafu anaizima na kumuaga. Mwezi mmoja sasa uani palikuwa kimya.

"Izime," akasema. Hakusikika. Akasema tena, safari hii kwa kilio. "Kaka, mwambie aizime."

Sikio aliruka akabonyeza swichi.

"Nimekosea nini?" Futi Sita akauliza, mkono bado uko hewani.

"Hukukosea. Nenda tu."

"Naenda na mashine."

"Hii haiuzwi."

"Mama Chenso," Futi Sita akapaza sauti kuelekea mbele, "mumeo kaanza kufukuza wateja. Mimi naenda ng'ambo ya barabara."

Akaondoka anatikisa kichwa. Mama Chenso akachungulia kwenye pazia linalotenganisha duka na karakana. Alimwona wifi yake analia, akamwona mumewe amesimama juu ya ile mashine kama anayeilinda, akaona bora asiulize. Akarudi. Lakini pazia lile, msomaji wangu, ni kitambaa tu.

Sikio akakaa kwenye benchi karibu na dada yake. Hawakuwa wamekaa karibu hivyo tangu mazishi ya mama. Pale kaburini kwa mume walipeana mikono tu.

"Pole," akasema.

"Hujui ninacholilia."

"Namjua niliyemzika."

"Humjui aliyemuua."

Sikio akadhani dada ameshajua. Akadhani amekuja na gunia lile makusudi, kumpima.

"Ni mimi," dada akasema.

"Wewe tena?"

"Asubuhi ile tuligombana. Nilimwambia maneno. Akachukua mashine yake akatoka bila kunywa hata chai, bila kuniaga. Hakuiwasha uani siku hiyo. Mama mkwe ananiambia mbele za watu kwamba mwanamume hatumwi msituni na moyo mzito, mkono hauwi wake. Mwanzoni nilimwona mkatili. Sasa najua anasema kweli. Mume wangu alikuwa ananiwaza mimi, hakuwa anautazama mti. Maneno yangu ndiyo yaliyomrusha ule msumeno."

Akajifuta uso kwa kiganja.

"Watoto wakilala naenda kukaa pale alipokuwa anakaa kuvaa viatu. Kila siku. Nayarudia yale maneno nione kama yangeweza kusemwa vingine."

Hapo Sikio angenyamaza, nani angejua? Springi si shahidi. Angeifungua ile chenso vipandevipande, kila kifaa akakitupa kwenye boksi lake, na habari ingekwisha. Dada angerudi nyumbani akaendelea kujilaumu mpaka azeeke. Sikio angebaki na karakana yake, na jina lake, na dada aliyempata tena asubuhi ile baada ya mwaka.

Aliutazama mkono wa dada yake ulivyokonda. Ule ndio mkono aliokuwa akiushika kumvusha barabara walipokuwa wakienda shule.

"Si maneno yako," akasema.

"Unanifariji."

"Sikufariji. Sikiliza. Ile mashine haikuwa na breki. Hata angekuwa anaimba kwa furaha, ikiruka ingemkata. Breki haikuwa na springi." Akamgeukia. "Na springi niliitoa mimi."

Dada hakuelewa. Ilimbidi Sikio aichukue bisibisi, afungue kifuniko tena, amwonyeshe mahali palipo wazi. Akamwonyesha kipande cha waya. Akamweleza habari ya Pacha, na watu wa msitu, na waya mwekundu uliokwisha. Hakujipunguzia. Alimwambia na lile baya kuliko yote, kwamba aliporudi safari alijua na akanyamaza.

"Nilidhani ataileta mwenyewe," akamaliza. "Nilidhani mtu yeyote akiona ngao inalegea atakuja. Mdogo wangu, mimi ndiye. Ukitaka kunipeleka mbele za watu nipeleke. Ukitaka mama mkwe wako aje anitukane hapa mlangoni, aje. Lakini wewe acha kukaa pale alipokuwa akivalia viatu."

Alingoja kofi. Alingoja laana. Angevipokea vyote viwili, maana kifua chake kilikuwa tayari kimeanza kupata nafuu ya mtu aliyetapika.

Dada alikuwa anaangalia ile nafasi tupu ndani ya mashine.

"Ingechukua muda gani kuirudisha?" akauliza.

"Nini?"

"Hiyo springi. Angekuletea. Ungetumia muda gani?"

"Sio kazi kubwa. Dakika kumi."

Dada akafumba macho.

"Ndivyo alivyosema," akasema. "Dakika kumi. Neno kwa neno."

"Nani alisema?"

"Asubuhi ile. Alikuwa anachezesha hiyo ngao kwa kidole, inakwenda mbele nyuma, mbele nyuma. Akasema, 'Breki imelegea. Napitia kwa shemeji kwanza, kazi ya dakika kumi, ndipo niende mlimani.' Kaka, mimi nikamkatalia. Nikamwambia wale ndugu zangu walionishusha thamani kwa sababu ya cherehani, leo twende kwao kuomba? Akasema si kuomba, ni kulipia kama mteja mwingine. Nikamwambia..."

Sikio alitaka kumwambia basi, imetosha, lakini hakuweza.

"Nikamwambia, 'Ukienda kwa kaka yangu, usirudi hapa.' Hayo ndiyo maneno. Basi akaenda mlimani moja kwa moja. Alinitii. Na hakurudi."

Sikio alidhani anamtua dada yake mzigo. Kumbe alikuwa amemwongezea, maana mpaka dakika ile dada alijilaumu kwa kumuudhi mumewe tu, kosa ambalo wenye ndoa wote wanalo na husameheana jioni. Sasa alijua kwamba alimzuia asije kuponywa. Na Sikio naye alijua kwamba mteja aliyekuwa akimngoja, yule atakayeona ngao inalegea ailete mwenyewe, kweli aliiona. Kweli alitaka kuileta. Alikuwa tayari kuja kwake.

Dada hakumpiga kofi. Aliegemeza kichwa begani mwa kaka yake, nao wakalia pamoja kama walivyokuwa hawakulia kaburini, wala kwa mama yao. Nami mwandishi wenu niliposikia habari hii mara ya kwanza niliweka kalamu chini nikaenda kutembea kidogo. Sina aibu kusema.

Mnadhani imekwisha? Laiti.

Pazia likasogezwa. Mama Chenso alikuwa amesimama na glasi ya maji aliyomletea wifi yake, na nusu ya maji yalikuwa yameshamwagika kwenye vidole vyake.

"Baba watoto," akasema polepole. "Waya mweusi ulifunga zote mbili?"

"Umesikia."

"Nimesikia. Nakuuliza, zote mbili?"

"Zote mbili. Hiyo nyingine ipo chini ya meza."

"Haipo."

Sikio akasimama. Akaenda kwenye meza, akainama, akaanza kutoa boksi za pistoni, magamba ya mashine, mipira, makopo. Alitoa mpaka akafika ukutani. Mkewe alikuwa anaongea nyuma yake, maneno yakipishana na kilio.

"Wiki ya msiba, wewe ukiwa kwa wifi unasimamia wageni. Alikuja Kofia."

Kofia ni mdogo wake marehemu, jina hilo amelipata kwa sababu hajawahi kuonekana kichwa wazi, jua wala mvua. Mzikeni na kofia yake, watu humtania.

"Alisema watoto wa kaka yake wasilale njaa na yeye ana mikono. Akaniomba mashine yoyote, hata ya kukopa. Nilimwonea huruma. Rafuni hapakuwa na ya saizi yake, nikaingia huku nyuma nikaikuta hiyo. Niliikagua, nakuapia niliikagua. Sikuona mwekundu. Ule mweusi nikajua ni wa kufungia kamba tu, nikaukata kwa koleo. Ikawaka mvuto wa pili. Nikampa bure, nikamwambia ni rambirambi yetu." Akamgeukia wifi yake. "Nilitaka kusema pole na sikujua nitaanzia wapi na wewe. Nikaona nianzie hapo."

Dada alikuwa ameshasimama.

"Shemeji yuko mlimani leo," akasema. "Amepita kwangu asubuhi, kaniachia unga na kachukua dumu la maji. Ameniambia leo anaanza upande ule ule alioachia kaka yake. Miti mikubwa."

Sikio akatoa simu. Akapiga. Yule dada wa kwenye mtandao, mwenye adabu kuliko watu wote, akamjibu kuwa namba anayopiga haipatikani. Akapiga tena. Akajibiwa vile vile, kwa adabu ile ile. Mlimani hakuna mtandao na kila mtu analijua hilo, lakini alipiga mara ya tatu.

"Pikipiki," akasema.

Dada alikuwa tayari mlangoni, kandambili moja imekatika mkanda, anaivuta mguuni kama kamba. Mama Chenso aliona. Akavua viatu vyake vya mpira, akapiga goti mbele ya wifi yake, akamvalisha kimoja, akamvalisha na cha pili. Mwaka mzima wa kununiana uliishia hapo, mlangoni, bila hata mmoja kutaja cherehani.

"Nenda, wifi," akasema. "Mimi nitawafuata watoto shuleni."

Pikipiki ya Sikio imezoea kubeba vyuma, si watu wanaolia. Iliwafikisha mwisho wa barabara ya magari, kwenye daraja la magogo, ikagoma kupanda. Kutoka hapo ni njia ya miguu. Wakaitupa pembeni wakaanza kupanda.

Hatua kama mia hivi, Sikio akanyoosha mkono.

"Simama."

"Nini?"

"Sikiliza."

Mbali, upande wa juu, nyuma ya mgongo wa kilima, palisikika mlio. Mwembamba, unapanda na kushuka. Mimi na wewe tungesema ni chenso tu, moja kati ya nyingi. Sikio aliinamisha kichwa kidogo, na uso wake ukabadilika.

"Ni yeye," akasema. "Ni Pacha wa pili. Kabureta yake niliirekebisha mwenyewe, ina kikohozi kidogo ikishuka. Umesikia? Hapo. Hicho."

"Anakata?"

"Anakata. Maana yake mzima. Inapolia hivyo, mzima."

Dada akaanza tena kupanda, upesi kuliko yeye, viatu vya wifi yake vinampwaya. Mwezi mzima mlio wa namna ile ulikuwa adui yake. Dakika arobaini zilizopita ulimliza mbele ya Futi Sita. Sasa aliufuata, na Sikio alimsikia anausemesha kwa sauti ya chini, kama mtu anayembembeleza mtoto asilale.

"Endelea. Endelea kulia. Tunakuja, endelea."

Walipaza sauti wakamwita Kofia. Walijua hawezi kusikia, mkataji masikio yake yamejaa mashine, lakini waliita. Njia ikazidi kusimama. Wakapita visiki vipya, vyeupe bado, vinanuka utomvu. Wakapita kimoja ambacho dada alikikwepa bila kukitazama, na Sikio hakuhitaji kuuliza kwa nini. Mlio ulikuwa karibu sasa. Ulikuwa umetulia kwenye sauti moja nzito, ile sauti ya mnyororo uliozama ndani ya gogo kubwa na mkataji ameulalia.

Halafu ukakatika.

Wakasimama wote wawili.

Kuna mambo ambayo Sikio anayajua na hakuwahi kumfundisha mtu. Chenso ikiishiwa mafuta hupandisha sauti kwanza, nyembamba, kisha ndipo inazimika. Ikibanwa na gogo hugugumia kabla ya kukwama. Na mkataji akiwa amemaliza kazi yake, akaiachia mwenyewe, kinachofuata ni mlio wa mti unaolalama, halafu kishindo.

Haikupanda. Haikugugumia. Walingoja kishindo.

Upepo ukapita kwenye majani. Ndege mmoja akaanza kuimba huko juu, akaacha.

"Ameishiwa mafuta," dada akasema. Akamgeukia, akamshika shati kwa mikono yote miwili. "Eti kaka? Wewe si unazijua. Niambie ameishiwa mafuta."

Asubuhi ile ile Sikio alikuwa amesema vumbi bila hata kufikiri. Sasa alilitafuta neno jingine la namna hiyo, akalitafuta kwa nguvu zake zote huku dada yake akimtazama mdomo, na mti ulikuwa bado haujaanguka.